Nyumba ya Kubomolewa

Kezia alihamia kwenye nyumba ya tegesha siku ya Jumatatu, mchana kweupe, sufuria nne kichwani na binti yake Judith nyuma amebeba ndoo. Hakuhama kwa kupenda. Asubuhi hiyo alikwenda Nyamongo senta kununua unga, na aliporudi kwenye chumba walichopanga alikuta mwanamke mwingine ameketi kitandani kwake anajipaka mafuta miguuni. Mumewe, Nashoni, alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wa bodaboda mkononi. "Chumba hiki nalipa mimi," akasema. "Wewe una nyumba yako kule." Miaka minane ya ndoa ikaishia hapo, majirani wote wakiwa wamesimama na vyombo vyao wanasikiliza.

Sasa tuseme ukweli kuhusu hiyo nyumba yako kule. Nyumba ya tegesha haijengwi ili mtu aishi, inajengwa ili ibomolewe. Watu wakisikia mgodi unataka kupanua eneo, wanakimbia kujenga: vyumba vingi vidogo vidogo, tofali za udongo, msingi hakuna, sakafu hakuna, bati za mtumba zimepigwa misumari miwili miwili. Wathamini wanakuja, wanahesabu vyumba, wanapiga picha, wanaandika namba nyekundu ukutani. Kisha unasubiri mgodi ulipe fidia na tingatinga lije liangushe. Milango ya nini? Mlango ni gharama, na tingatinga halipigi hodi. Upande ule wa Kewanja nyumba za namna hiyo zilikuwa kila unapogeuka, tupu, mbuzi wanalala humo. Ya Kezia ilikuwa namba 214, vyumba sita, na katika kila chumba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.

Alifagia kinyesi cha mbuzi, akatundika gunia penye nafasi ya mlango, akawasha moto. Judith, aliyekuwa na miaka saba, aliuliza watalala wapi. Kezia akamwambia achague, vyumba viko sita. Alitaka iwe kama utani.

*

Mtu wa kwanza kuja kumwona alikuwa Shamsia, muuza mitumba kutoka Tarime mjini, ambaye siku za gulio la Nyamongo alikuwa akila chakula kwenye kibanda cha Kezia kabla kibanda chenyewe hakijapotea pamoja na chumba. Shamsia hakuja kulia naye. Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akatazama kuta, akatazama paa, akauliza swali moja.

"Mama Judi, karatasi ya kiwanja ina jina la nani?"

"Langu. Nilinunua mwenyewe. Nilikuwa na hela ya kuuza chakula na ya ng'ombe wawili alionipa baba kule Manchira."

"Na picha ya wathamini?"

Kezia alichukua kijiti akaanza kuchokoa moto ambao haukuhitaji kuchokolewa.

Ile siku ya picha, mwaka juzi, mthamini aliita kwa sauti, mwenye nyumba asimame hapa mbele ashike kibao cha namba. Kezia alikwisha kunyanyua mguu. Ndipo akamwona Nashoni amesimama pembeni pamoja na wanawake, mikono mfukoni, na akamsikia mchimbaji mmoja akicheka kwamba mura huyu, mwanamume mzima, ameolewa na mke wake. Aibu ilimpata Kezia, aibu ambayo wala haikuwa yake. Akarudi nyuma. Akamvalisha mumewe shati jeupe alilokuwa amelikopa kwa Shamsia, akamkabidhi kibao, akamwambia, "Simama wewe, baba Judi." Nashoni akasimama. Jina lililoandikwa kwenye fomu likawa la Nashoni, na fidia ikija itaingia kwenye akaunti ya Nashoni. Hakuna aliyemlazimisha Kezia. Hilo ndilo lililokuwa linamtafuna kuliko yule mwanamke wa kitandani.

"Shati lenyewe hujamaliza kunilipa," Shamsia akasema.

Kezia akacheka, kicheko kibaya kikavu, halafu akaanza kulia. Shamsia akamwacha alie mpaka akamaliza. Alipoondoka aliacha kilo mbili za sukari kando ya jiko na hakuzitaja.

*

Kezia alianza na uji. Mtaji wake ulikuwa ile sukari na unga wa ulezi debe moja, aliokopa kwa jirani. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa tayari ameshika njia ya kwenda kwenye makarasha, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa, na wachimbaji wanaotoka zamu wanataka kitu cha moto tumboni. Kikombe shilingi mia tatu. Wapo waliokunywa wakasema watalipa jiwe likitema dhahabu. Kezia aliwaambia uji haungoji jiwe. Zamani asingesema hivyo. Zamani alikuwa mtu wa kucheka na wateja. Sasa hasira ilikuwa imemkaa kooni, kikitokea kitu kidogo tu, anamwagia yeyote aliye karibu.

Alikuwa halali vizuri. Alikuwa anaweza kukaa na kijiko mkononi, ugali unapoa mbele yake, anarudia kichwani ile siku ya picha: mguu aliounyanyua, mguu aliourudisha. Mzee wa kanisa, Nikodemo, alikuja baada ya ibada ya Sabato akamshauri asamehe, amwombee mumewe. Kezia alimsikiliza kwa heshima, akamsindikiza hadi njiani, aliporudi akapiga teke ndoo ikabingirika mpaka kwa majirani. Mimi simlaumu. Wapo watu wanaoleta msamaha wakati ambapo mtu anahitaji kilo ya mchele.

Kitu alichokitaka kuliko vyote kilikuwa mlango. Hela ya kwanza iliyobaki aliipeleka kwa Hamim, seremala wa Nyamongo, akamwambia amtengenezee mlango wa mbao na fremu yake na komeo la ndani. Hamim alisema laki moja na ishirini. Wakakubaliana alete elfu kumi kumi kila wiki.

Wiki ya pili tu, mwenyekiti wa kitongoji, Marwa, akasikia. Akaja kumwonya, naye hakuwa mtu mbaya.

"Dada Kezia, wahakiki watakuja kabla ya malipo kulinganisha nyumba na picha. Kwenye picha hakuna mlango. Ukiweka, wataandika umeongeza, jina linatoka. Hata msumari usipige."

"Kwa hiyo nilale na gunia?"

"Wenzako wameacha kabisa, hawalali humo. Vumilia. Hiyo ni milioni kumi na moja."

Kezia akavumilia. Aliendelea kulipa elfu kumi kila wiki, na mlango ukakamilika, ukasimamishwa ukutani kwenye karakana ya Hamim kati ya vitanda na makabati ya watu. Kila Jumapili alipita kuutazama. Kisha anarudi kulala nyuma ya gunia.

*

Na gunia halipigiwi hodi. Nashoni aligundua hilo mapema.

Mara ya kwanza alikuja kuchukua koti lake la mvua. Alisukuma gunia kwa kiganja, akaingia na viatu vya tope, akapekua, akatoka, hakusema hata habari za asubuhi. Mara ya pili alikuja mchana, Kezia akiwa anaoga nyuma ya kanga chumba cha pili, akafunua sufuria, akala maharage yote akiwa amesimama. Mara ya tatu alimkuta Judith peke yake, akamwachia pipi mbili na mia tano. Kezia aliporudi, mtoto alimkimbilia anaruka.

"Mama, baba amekuja, baba amesema atarudi, baba ameniletea—"

Kezia akampiga kofi.

Lilikuwa kofi la nguvu, la mtu mzima kwa mtu mzima, na mtoto hakulia hata. Alimtazama tu mama yake, pipi moja bado shavuni. Kezia akauona mkono wake mwenyewe umebaki hewani. Akapiga magoti kwenye vumbi, akamshika mtoto mabegani, akasema, "Si wewe. Nisamehe mwanangu, si wewe." Judith akasema najua. Mtoto wa miaka saba anasema najua. Kuanzia siku hiyo, kila wakiingia ndani, Judith alikuwa anaweka ndoo nyuma ya gunia, ili mtu akisukuma ianguke, wasikie.

*

Wahakiki walipotangazwa kuja Alhamisi, Jumatano yake alikuja mama mkwe, bibi Waisiko, na Nashoni nyuma yake. Ndoo ilianguka kwa kishindo. Bibi Waisiko akairuka, akaketi.

"Shikamoo mama," Kezia akasema.

"Marahaba. Mkamwana, mimi sina maneno mengi. Kesho watauliza mwenye nyumba anaishi hapa na familia yake? Wale wenye nyumba tupu wote wanakatwa, tumesikia. Yako ina moshi, ina mtoto, ina nguo kwenye kamba. Mungu amekuleta humu kwa sababu."

"Mungu hakunileta humu, mama. Alinileta mwanao."

Nashoni akakohoa. Alikuwa amenyoa vizuri. "Sikia Kezia. Sema tu tunaishi wote. Hela ikiingia tunagawana nusu kwa nusu. Milioni tano na nusu zako mkononi. Utafungua hoteli."

"Mkononi kutoka wapi? Akaunti ni ya nani?"

"Yangu. Lakini nimesema nitakupa."

"Ile hela ya kibanda changu ulisema utanipa pia. Na ya friji. Na ada ya Judith."

"Unaanza mambo ya zamani."

"Ya mwezi wa tatu ni ya zamani?"

Bibi Waisiko akanyanyua mkono. "Ng'ombe zetu ziko kwa baba yako Manchira. Mpaka zirudi, wewe ni wa kwetu, na ulichonacho ni cha kwetu. Ukituharibia kesho, tunakwenda kuzidai, zote."

"Zilikwenda nne, mama, katika kumi mlizosema. Nendeni mkazidai. Baba atawaonyesha ngozi za mbili zilizofika zinaumwa."

Mama mkwe hakuwa amezoea kujibiwa hivyo. Alisimama, akajifunga kitenge upya, akatoka. Nashoni alibaki kidogo. Akasogea, akasema kwa sauti ya chini ile ya miaka ya mwanzo, "Kezi, mimi si mtu mbaya. Mambo tu yamenizidia." Akagusa mkono wake. Na hapa ndipo ninapotaka kumzaba mtu kofi mimi mwenyewe, kwa sababu Kezia hakuutoa mkono mara moja. Aliuacha pale. Moyo wake ulikuwa bado unamjua yule mwanamume. Kisha harufu ya mafuta ya yule mwanamke ikampata kwenye shati, akauvuta mkono wake akaanza kuosha vikombe.

Usiku kucha alipiga hesabu za milioni tano na nusu. Hoteli ya bati, meza sita. Hata milioni mbili tu, hata moja. Shamsia alikwisha kumwambia kwenye simu: kubali, uongo mmoja haujaua mtu, chukua hata kidogo kuliko kukosa. Hadi kunapambazuka alikuwa amekubali.

*

Mhakiki alikuwa kijana mpole wa miwani, faili chini ya kwapa, na Marwa akimwongoza nyumba hadi nyumba. Kwenye nyumba tupu hakukaa hata dakika. Alichungulia, akatikisa kichwa, msaidizi wake akapitisha brashi ya rangi nyeusi juu ya namba. Wenye nyumba walimfuata nyuma wanalalamika. Walipofika 214, umati ulikuwa umekuwa mkubwa. Nashoni alisimama mbele ya nyumba na lile shati jeupe, limepigwa pasi.

Mhakiki akalinganisha picha na mtu. "Ndiye. Nashoni Chacha. Unaishi hapa?"

"Ndiyo mheshimiwa. Mimi, mke wangu na mtoto."

Mhakiki akaingia ndani, akaona jiko, masizi, godoro, madaftari. Alitoka akamgeukia Kezia. "Mama, ndivyo? Mnaishi hapa wote?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Ndiyo. Neno dogo tu. Kezia akamtazama Judith, ambaye alikuwa amesimama kwenye nafasi ya mlango na ndoo yake mkononi, akitaka kujua kama baba akimaliza kuongea ataingia tena ndani, na kama ndoo aiweke au aiache. Uso wa mtoto uliuliza hivyo wazi kabisa.

"Haishi hapa," Kezia akasema.

Bibi Waisiko akasema kitu kwa Kikurya ambacho sitakiandika.

"Alinifukuza mwezi wa tatu nikahamia humu na mtoto. Kiwanja ni changu, karatasi hii. Nyumba nilijenga kwa hela ya kuuza chakula. Siku ya picha nilimpa yeye kibao mwenyewe kwa ujinga wangu."

"Mheshimiwa, huyu ana hasira za nyumbani," Nashoni akasema. "Sisi ni mke na mume, tutaongea."

Mhakiki alivua miwani, akaipangusa. Alionekana amechoka. "Mama, kama kuna ubishi naandika mgogoro. Mtakwenda kwenye baraza la ardhi, mtatoa ushahidi. Unaweza kushinda, karatasi unayo. Ila mpaka uamuzi utoke, nyumba ibaki ilivyo. Hakuna kuongeza chochote."

"Hata mlango?"

"Hata mlango."

"Itachukua muda gani?"

Mhakiki akamtazama Marwa. Marwa akatazama viatu vyake. "Wapo wa mgogoro wanaosubiri mwaka wa nne," akasema.

Miaka minne. Kezia aliiona yote: gunia, kiganja kinachosukuma gunia, tope la viatu, maharage yaliyoliwa, mtoto na ndoo. Msije mkasema baadaye kwamba alifanya alichofanya kwa busara. Alifanya kwa hasira, na alijua ni hasira, na aliiacha itoke.

"Basi andika nyingine," akasema. "Andika hii ni ya tegesha. Haina msingi. Nilijenga kwa wiki tatu ili mnilipe. Chimba hapo pembeni uone."

"Kezia," Marwa akasema kwa kunong'ona.

"Mama, unajua ukisema hivyo nafuta?" mhakiki akauliza. "Hapati yeye, na wewe hupati. Hata shilingi."

"Najua."

"Fikiri kwanza."

"Futa."

Msaidizi akachovya brashi, akapitisha rangi nyeusi juu ya 214, mara mbili, kwa sababu ukuta ulikuwa unanyonya rangi. Nashoni alimjia Kezia kwa kasi, wanaume wawili wakamshika. Akawa anapiga kelele kwamba amemwibia, kwamba amemmaliza. Bibi Waisiko aliketi chini. Mwanamke mmoja kwenye umati akacheka, akasema huyu wa Manchira ameingiwa na kichaa. Mhakiki akafunga faili, akaenda nyumba ya 215.

*

Kezia alikwenda nyuma ya nyumba akatapika. Milioni kumi na moja. Alikaa pale kwenye majani mpaka Shamsia, aliyesikia habari kutoka kwa mtu wa bodaboda, alipomkuta.

"Umezichoma zote," Shamsia akasema.

"Zote."

"Hata zangu za shati."

"Za shati nitakulipa. Nina uji." Kezia akapangusa mdomo. "Nisaidie kumpigia Hamim. Simu yangu haina salio."

Mlango ulikuja saa nane mchana, umefungwa kwa kamba ubavuni mwa bodaboda, Hamim mwenyewe nyuma ameshikilia. Alipogonga ukuta kwa nyundo, udongo ulidondoka kama unga. "Dada, hapa hapashiki fremu," akasema. "Huu ni ukuta wa kudanganyia watu." Kezia akampa hela ya mfuko wa saruji, hela ya ulezi wa wiki nzima. Hamim akachimba, akajaza, akasimamisha fremu, akazungushia mawe. Watu wa nyumba zilizofutwa walisimama kwa mbali wanatazama mwanamke anatia saruji kwenye nyumba isiyolipwa. Hamim alimwambia akipata mfuko mwingine aanze na pembe ya mashariki, ndiyo mbovu kuliko zote. Kezia akamwambia aandike vipimo.

Akiondoka, Hamim alisisitiza wasiufunge kwa nguvu mpaka saruji ikauke. Judith aliufunga polepole, akasukuma komeo, akalifungua, akalisukuma tena. Kisha akaichukua ndoo kutoka pale ilipokaa miezi yote, akaenda kuchotea maji.

Kezia akala. Ugali wote, na mboga, hadi akakwangua sahani.

Ndipo wakasikia pikipiki. Waliijua kwa mlio. Ilizimwa nje, viatu vikaja, na kiganja kile, kwa mazoea yake, kikasukuma pale palipokuwa na gunia. Kikakutana na mbao. Kikasukuma tena. Judith akamtazama mama yake.

"Hodi," sauti ikasema.

Kezia aliendelea kufunika sufuria.

"Hodi humu ndani."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Nje, mtu akataja jina lake lote, Nashoni Chacha, kama mtu anayejiandikisha ofisini.

"Tumelala," Kezia akasema.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu ya bati.